Mbuzi wa kaburi la babu na damu ya Ijumaa Kuu: baba mdogo kaniuliza tofauti, naomba msaada

Mwinjilisti wa Mtaa ameandika:

Bwana Yesu asifiwe wana jukwaa, na asalaam aleikum kwa ndugu zetu wa upande ule.

Mimi ni mwinjilisti wa KKKT (Kanisa la Kilutheri) kwenye mtaa mmoja huku juu Machame, Kilimanjaro. Naomba mnijibu kwa hoja. Mahubiri nayajua, nayatoa mwenyewe kila Jumapili.

Ukoo wetu una jambo. Babu kabla hajafa aliwaita wanawe akawaambia kile kipande cha kihamba (shamba la migomba la ukoo) kilicho ng'ambo ya mfereji kirudishwe kwa mjane wa jirani. Alikiri kwa mdomo wake kwamba enzi za ujana alihamisha masale, ile mimea ya kuotesha mpakani, usiku. Wanawe wakaitikia ndiyo baba, tukazika, maisha yakaendelea. Sasa mwaka huu mambo yameandamana. Ng'ombe wa maziwa wa baba mdogo kafa akizaa. Binamu yangu kaanguka na bodaboda, mguu umevunjika sehemu mbili. Ndoa ya mtoto wa shangazi imesambaratika hata hatujamaliza michango ya harusi. Wazee wamekaa, wamesema babu ana hasira. Achinjwe mbuzi kaburini, imwagwe mbege, pombe yetu ya ndizi, aambiwe atulie. Kila nyumba ichangie.

Mimi nikakataa. Nikasema nimebatizwa, sitoi sadaka kwa wafu. Baba mdogo hakugomba. Huyu mzee ana akili zake, alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, hesabu zake hazikuwahi kupotea senti. Akaweka kata chini, akasema hivi:

"Wewe Ijumaa Kuu ulisimama pale mbele ukatuambia Mungu alikasirika, na hasira yake haikushuka mpaka ilipomwagika damu ya asiye na kosa. Na mimi nasema baba yangu amekasirika, na hasira yake haitashuka mpaka imwagike damu ya mbuzi asiye na kosa. Mbuzi wangu ni wa bei nafuu. Zaidi ya hapo nionyeshe tofauti."

Watu wakacheka. Nikamwambia yule ni Mungu na huyu ni babu. Akasema hiyo ni tofauti ya mpokeaji, yeye hakuuliza mpokeaji, ameuliza damu inafanya kazi gani.

Ndugu zangu, damu inafanya kazi gani?

---

Askari wa Msalaba amejibu:

Mtumishi, usiyumbe. Mzee wako anacheza na maneno.

Ghadhabu ya Mungu ipo. Warumi 1:18 inasema inadhihirishwa kutoka mbinguni. Yohana 3:36, asiyemwamini Mwana ghadhabu ya Mungu inamkalia. Isaya 53:10, Bwana aliridhika kumchubua. Sasa ukianza kuona haya kuhubiri ghadhabu kwa sababu karani mstaafu amekuchekesha watu, kesho utaona haya kuhubiri na msalaba.

Tofauti ni hii: hasira ya Mungu ni ya haki, ni ya hakimu. Hasira ya babu haipo, babu amelala. Anayekula yule mbuzi (ukiacha wazee wenyewe) ni pepo, soma 1 Wakorintho 10:20. Mwambie hivyo na usitoe hata shilingi.

---

Hesabu Zangu amejibu:

Mimi siyo mtu wa kanisa sana, nasoma tu jukwaa hili nikiwa kwenye foleni. Ila nina swali la kuongezea kwa Askari.

Mnasema Yesu alilipa deni letu lote. Halafu mnasema Mungu ametusamehe. Chagueni moja. Mangi wa dukani akilipwa deni langu na shemeji yangu, kwenye daftari anaandika "limelipwa". Haandiki "nimemsamehe". Akija kanisani kutoa ushuhuda kwamba yeye ana moyo wa kusamehe, mimi nitainua mkono.

---

Mzee wa Lawi amejibu:

Mwinjilisti, nimefundisha Agano la Kale kwenye chuo cha Biblia mpaka macho yakachoka, kwa hiyo utanivumilia nikienda polepole.

Kwanza mheshimu baba yako mdogo. Amekuonyesha kwamba ukimhubiri Mungu kama mzee aliyenuna anayesubiri damu, huna la kumjibu mtu ambaye naye ana mzee wake aliyenuna. Mtabaki kubishana mzee wa nani ni mkubwa.

Fungua Lawi 16, Siku ya Upatanisho, tarehe 10 ya mwezi wa 7. Isome kama mtu ambaye hajawahi kuisikia. Haruni analeta ng'ombe dume kwa ajili yake na nyumba yake, na mbuzi wawili kwa ajili ya watu. Kura inapigwa, mmoja wa BWANA, mwingine wa Azazeli. Sasa fuatilia ile damu kwa kidole, inakwenda wapi? Kwenye kiti cha rehema, na mbele yake mara 7. Halafu kwenye pembe za madhabahu. Aya ya 16 inatoa sababu: ni upatanisho kwa ajili ya mahali patakatifu, kwa uchafu wa wana wa Israeli. Yaani ni kwa ajili ya hema, na madhabahu. Hema halinuni, ndugu yangu. Damu inaosha nyumba ili Mwenye nyumba aendelee kukaa katikati ya watu wachafu. Na katika kitabu kizima cha Lawi hutakuta hata mara moja kuhani "anampatanisha Mungu", kana kwamba Mungu ndiye anayefanyiwa kazi.

Kisha mtazame mbuzi wa pili. Yule anayewekewa mikono miwili kichwani na kubebeshwa dhambi zote za watu. Huyo hachinjwi! Anapelekwa jangwani akiwa hai na kuachiliwa. Nimesahihisha mitihani mingi sana ya wanafunzi waliomchinja yule mbuzi.

Halafu soma Lawi 17:11, "nami nimewapa ninyi hiyo damu juu ya madhabahu". Anayesema ni Mungu, na Mungu ndiye aliyekosewa. Aliyekosewa ndiye anayetoa kitu cha kumrudisha mkosaji. Kule kaburini mkosaji anatafuta mbuzi, anachangisha, anampelekea aliyekasirika, anasubiri aone kama amelainika. Paulo ameshika njia hiyo hiyo ya Lawi: Warumi 3:25, Mungu ndiye aliyemweka awe upatanisho, 2 Wakorintho 5:19, Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Ulimwengu ndio unaopatanishwa. Hapo pana jibu la kwanza la kumpa mzee wako, ila usilitoe kwa kelele.

Sitaificha ghadhabu, Askari asinikamate shati. Kitabu cha Hesabu sura ya 16 kipo. Tauni imeanza, Musa anamwambia Haruni shika chetezo ukimbie, na Haruni, mzee wa watu, anakimbia kweli, anasimama kati ya waliokufa na walio hai, tauni inazuiliwa. Waliokufa ni 14,700. Ghadhabu ni ghadhabu. Lakini hakuna aliyekuwa na muda wa kutafuta mbuzi siku ile. Palikuwa na moto wa madhabahu, uvumba, na mtu aliyekubali kusimama katikati.

Ukitaka kuona kutuliza kwenyewe, kutuliza hasa, nenda Mwanzo 32. Yakobo anarudi nyumbani, amesikia Esau anakuja na watu 400. Anaogopa. Anatanguliza zawadi: mbuzi wake 200 na waume 20, kondoo wake 200 na waume 20, ngamia wanyonyeshao 30 pamoja na watoto wao, ng'ombe 40, mafahali 10, punda wake 20 na waume 10. Tena hawapeleki pamoja. Anawagawa makundi makundi, anaacha nafasi kati ya kundi na kundi, ili hasira ya kaka yake ipigwe kidogo kidogo. Huyo ndiye fundi wa kutuliza. Esau anafanya nini? Anakimbia, anamkumbatia, anamwangukia shingoni, wanalia. Zawadi anakuja kuiuliza baadaye, hili kundi lote ni la nini? Akiambiwa, anasema ninayo tele, ndugu yangu. Yakobo alikuwa amemhesabia kaka yake hasira ambayo haikuwepo tena.

Sasa nije kwenye jambo lako hasa, nalo liko 2 Samweli 21. Sijui kwa nini halihubiriwi. Kuna njaa miaka 3. Daudi anamuuliza BWANA sababu, anajibiwa: Sauli aliwaua Wagibeoni, watu waliokuwa wameapiwa kwamba hawataguswa. Hadi hapo ni Mungu anayesema. Kisha Daudi anakwenda kwa Wagibeoni, anawauliza nifanye upatanisho kwa kitu gani? Angalia amemuuliza nani. Sababu alimuuliza Mungu, dawa akaenda kuwauliza watu. Wagibeoni wakataka watu 7 wa uzao wa Sauli. Daudi akawatoa. Wakatundikwa mlimani mwanzo wa mavuno ya shayiri, ingawa torati inasema watoto wasiuawe kwa ajili ya baba zao, Kumbukumbu 24:16, na maiti iliyotundikwa isilale mtini, Kumbukumbu 21:23. Hawa walilala mtini miezi.

Wawili kati yao walikuwa watoto wa Rizpa binti Aya, suria wa Sauli. Mama huyu akachukua gunia akalitandika juu ya mwamba, akakaa pale. Mchana anafukuza ndege, usiku anafukuza wanyama, tangu mavuno mpaka mvua ilipowanyeshea. Hasemi neno hata moja katika sura nzima. Habari zikamfikia mfalme. Ndipo Daudi akaondoka, akaenda kuileta mifupa ya Sauli na Yonathani kutoka Yabesh-Gileadi, ikakusanywa na mifupa ya wale waliotundikwa, wakazikwa kwenye kaburi la Kishi. Na ni baada ya hayo, aya ya 14, mwandishi anasema Mungu aliombeka kwa ajili ya nchi. Pale walipotundikwa hakuandika hivyo.

Nimelileta hili kwa sababu ya mstari mmoja ulioupitia haraka kwenye maelezo yako. Mwinjilisti, kile kipande cha ng'ambo ya mfereji kiko kwa nani?

Ukoo mzima umekaa kujadili mbuzi na mbege na michango. Marehemu hakuomba mbuzi, aliomba mpaka urudishwe. Lawi 6 haina mzunguko: mtu aliyechukua cha jirani kwa hila atakirudisha chote, ataongeza sehemu ya 5 (moja ya tano) juu yake, atampa mwenyewe, halafu ndipo alete kondoo. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za mapokeo za Wayahudi, katika Yoma 8:9, inasema waziwazi kwamba makosa kati ya mtu na Mungu husafishwa na Siku ya Upatanisho, lakini makosa kati ya mtu na mwenzake hayasafishwi na siku hiyo mpaka amridhishe mwenzake. Hapo ndipo kutuliza kunapotakiwa. Jirani ndiye wa kutulizwa. Na Yesu, Mathayo 5:23, anasema sadaka iache hapo hapo madhabahuni uende kwa ndugu yako kwanza.

Hesabu Zangu, swali lako la daftari lina umri mkubwa. Fausto Sozzini, Mwitaliano, aliliuliza kwenye karne ya 16 na kanisa halijaacha kumchukia. Hoja yake inambana mwenye kuhubiri malipo na msamaha kwa pumzi moja. Anselm wa Canterbury, aliyemaliza kazi yake juu ya jambo hili mwaka 1098, hakusema Mwana aliadhibiwa badala yetu. Kwake ni moja kati ya mawili: ama heshima ya Mungu irudishiwe, ama adhabu ije. Kristo alirudisha heshima, kwa hiyo adhabu haikuhitajika. Habari ya Mwana kubeba hukumu ya mahakama ilikuja kukazwa zaidi na Matengenezo ya Waprotestanti, na Calvin, mmoja wa viongozi wake, alikuwa amesomea sheria. Siidharau. Lakini ikihubiriwa peke yake, huzaa mahubiri ya aina ile aliyoyatoa Mwinjilisti Ijumaa Kuu, na baba mdogo anapata mlango.

---

Bakari wa Raskazone amejibu:

Mwinjilisti, waaleikum salaam. Mimi Mtanga, Muislamu, nimesomeshwa chuo cha Qurani na babu yangu, sina cheo chochote.

Huku pwani nasi tulikuwa na ng'ombe wa kuzungushwa mji. Likiingia ndwele au mvua ikikatika, ng'ombe anaswagwa kuuzunguka mji, watu wanasoma nyuma yake, kisha anachinjwa na watu wanakula, maskini kwanza. Masheikh wengine wanasema ni sadaka na sadaka huondoa balaa, wengine wanasema bidaa hiyo, uzushi katika dini. Sitaki kuufungua ugomvi huo hapa. Ila aya inayomaliza maneno ni ya Sura ya Hajj, 22:37: nyama zao hazimfikii Mwenyezi Mungu wala damu zao, lakini unamfikia ucha Mungu wenu. Hata mbuzi wa Idd. Basi kwetu swali la damu inamfanya nini Mungu halipandi kabisa.

Kafara tunayo, lakini tazama ilivyokaa. Ukivunja kiapo, Maida 5:89: lisha maskini 10, au wavishe, au acha huru mtumwa, usipoweza, funga siku 3. Hamna hata tone la damu, na anayeshiba ni maskini.

Mzee wa Lawi amesema aliyekosewa ndiye anayetoa. Nimetabasamu, kwa sababu iko hadithi ya Abu Hurayra, wameipokea Bukhari na Muslim. Bwana mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akasema nimeangamia, nimemwingilia mke wangu mchana wa Ramadhani. Akaulizwa, unaweza kumwacha huru mtumwa? Hapana. Unaweza kufunga miezi 2 mfululizo? Hapana. Unaweza kulisha maskini 60? Hapana. Akakaa. Mara likaletwa kapu la tende. Mtume akamwambia chukua hili ukatoe sadaka. Yule bwana akasema, nimpe aliye fukara kuliko mimi? Wallahi hapa Madina hakuna nyumba fukara kuliko yangu! Mtume akacheka mpaka meno yake yakaonekana, akamwambia kawalishe watu wako. Mtu kaja na dhambi, karudi nyumbani na kapu la tende.

Lakini, na hii lakini ni kubwa, hiyo ilikuwa haki ya Mungu, na Mungu ni mkarimu kwa haki yake. Haki ya mja, yaani ya binadamu mwenzako, ni habari nyingine. Ardhi ya mjane ni haki ya mja. Toba yake ina sharti la kurudisha. Mtume amesema anayechukua shibiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Hapo mbuzi hana kazi. Na babu wenu Mungu amrehemu, ameweka wasia mzuri akiwa na akili zake. Anayeuzuia si yeye.

---

Askari wa Msalaba amejibu:

Mzee wa Lawi, heshima yako, shikamoo. Lakini umepita haraka kwenye 2 Samweli 21. Aya ya 10 inasema mvua iliwanyeshea wakiwa bado wametundikwa. Mvua ilikuja kabla ya mazishi! Kwa hiyo njaa iliisha kwa damu, mazishi yakafuata.

Na Isaya 53:10 hujaigusa.

---

Mzee wa Lawi amejibu:

Marahaba. Umesoma vizuri, na sitakuzungusha. Mvua imetajwa kabla. Nami nakuuliza, mavuno ya shayiri nchi ile ni karibu mwezi wa 4, na mvua ya kwanza hurudi kuanzia mwezi wa 10. Rizpa alikaa pale kiangazi chote. Je, ile mvua ni jibu la damu iliyomwagika miezi kadhaa nyuma, au ni mvua ya msimu imefika kwa wakati wake? Mwandishi hakusema. Alichosema ni aya ya 14, na ameiweka mwisho. Wewe ukiamua kuifungamanisha mvua na maiti, umeamua wewe, na Wagibeoni watakuunga mkono.

Isaya 53:10 nakupa bila kupunguza. BWANA aliridhika kumchubua, na siwezi kuigeuza iwe kitu kingine. Lakini rudi juu mpaka 53:4: "sisi tulimdhania ya kuwa amepigwa, amepigwa na Mungu, na kuteswa". Wanaosimulia wanasema hayo ndiyo yaliyokuwa mawazo yao walipokuwa wakimtazama. Sura hiyo ina pande mbili zinazovutana, na mimi nimechoka kuona watu wakikata upande mmoja ili ulale. Ukihubiri 53:10, hubiri na 53:4 siku hiyo hiyo.

---

Mwinjilisti wa Mtaa ameandika:

Wazee wangu, na kaka Bakari, asanteni. Kaka Askari usinikasirikie, mchango wa mbuzi sijatoa.

Nilikwenda kwa baba mdogo jana jioni. Habari ya Yakobo aliipenda, alinirudisha kwenye hesabu ya wale wanyama mpaka akazijumlisha mwenyewe (550, ndama wa ngamia hawamo). Nilipofika kwa Rizpa akanyamaza. Kisha akasema, "Kwa hiyo unataka kipande."

Kiko kwake. Niliogopa kuandika hivyo mara ya kwanza kwa sababu ana simu nzuri na wajukuu wanaomsomea. Kina migomba na mti mmoja wa parachichi mkubwa sana, kaupanda yeye baada ya msiba, na wanunuzi wanakuja na gari kuchuma. Hoja yake sasa ni mbili. Mjane mwenyewe naye ameshafariki, tumrudishie nani? Na ardhi ni ya watu sawa, je, mti ni wa nani?

---

Bakari wa Raskazone amejibu:

La kwanza jepesi. Mwenye haki akifa, haki inakwenda kwa warithi. Kama ana mtoto hata mmoja, mtafuteni. Wasipopatikana kabisa baada ya kutafutwa kikweli, kwetu hutolewa sadaka kwa niaba yao, na wakitokea baadaye wana haki ya kudai. Umri wa dhulma hauigeuzi kuwa halali.

La pili nawaachia wenye migomba.

---

Shangazi wa Kibosho ameandika:

Mimi nasoma tu siku zote, leo mmenikera.

Nyie wanaume mmekwenda Yerusalemu, mmekwenda Madina, mmekwenda Uingereza kwa Anselm, na dawa iko kwenye uzio. Mchaga akimkosea mtu anachukua isale. Anatafuta mtu mzima wa heshima amtangulie, anakwenda nalo mpaka kwa aliyemkosea, analitoa kwa mikono. Na anayeletewa isale hana ujanja wa kukataa, akikataa yeye ndiye anakuwa na neno. Mimi nimeona kwa macho yangu ndugu waliokuwa hawasalimiani hata msibani wakila meza moja kwa sababu ya jani lile.

Babu yenu alihamisha masale, si ndiyo? Basi chukueni isale, mpelekeeni mtoto wa yule mama, aliye hai, mdomo anao, atajibu. Halafu mkayapande yale masale pale yalipokuwa. Mbuzi mchinje baadaye, mle wote na yeye akiwepo, wala msimwite sadaka, mwiteni mbuzi.

---

Mzee wa Lawi amejibu:

Shangazi, ungenisaidia kufundisha.

Mwinjilisti, kuhusu parachichi, mwambie baba yako mdogo akachukue kalamu yake ya ushirika akapige hesabu. Torati inadai kitu chote na sehemu ya 5 juu yake. Kwa namna ulivyoueleza mti wenyewe, nadhani unakaribia hapo.

---

Mwinjilisti wa Mtaa ameandika:

Nimemsomea. Amesema sehemu ya 5 ya kipande kile haifiki parachichi lote, labda upande unaoelekea mfereji. Lakini ameuliza namba ya simu ya yule kijana, yuko Arusha.